Bunduki Mpya Ikigoma: Mafuta, Baruti na Lawama

Bunduki mpya ya kujipakia ikigoma, jibu la kwanza huwa limeshaandaliwa: hukuisafisha. Askari akisema ameisafisha, ataambiwa hakuipaka mafuta ya kutosha. Akisema ameipaka, basi ameipaka kupita kiasi na vumbi limenasa. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli, na hapo ndipo ulipo ubaya wake, kwa sababu yote matatu yanamwacha mtengenezaji nje ya kesi. Tangu miaka ya 1930 majeshi yamepokea bunduki zilizogoma zikiwa bado zinanukia kiwanda, na katika kesi kubwa kuliko zote, ile ya M16 nchini Vietnam, tambara na mafuta vililaumiwa kwa kosa lililofanyika mezani, mbali kabisa na matope.

Bunduki ya bolti ya mkono humtegemea mwenyewe: ikikaza, anaongeza nguvu. Inayojipakia haina msaada huo. Ina kiasi fulani tu cha nguvu kinachotoka kwenye baruti iliyoungua, na kwa kiasi hicho lazima ifungue bolti, ivute ganda tupu kutoka kwenye chemba, ilitupe nje, ikoki nyundo na kukandamiza springi. Kisha springi nayo irudishe bolti mbele, iokote risasi nyingine kwenye magazini, iisukume ndani ya chemba na kuifungia humo. Mzunguko wote huo huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msuguano wowote wa ziada hukatwa kwenye akiba ile ile ya nguvu.

Bunduki mpya ndiyo yenye akiba finyu kuliko zote. Vyuma havijazoeana, springi bado ngumu, kingo zina makali yaliyoachwa na mashine. Mara nyingi pia huwa imetoka bohari ikiwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, ambayo kazi yake ni kulinda chuma kilicholala. Wanaoipiga vile vile ilivyo hushangaa.

Tena kushangaa ni afadhali. Wasomaji wa taarifa za polisi nchini Tanzania wameizoea bunduki iitwayo SAR. Hiyo ni SKS ya Mrusi Sergei Simonov, muundo wa mwaka 1945, ambayo China iliitengeneza kwa wingi kwa jina la Aina ya 56. Inabeba risasi 10. Katika nyingi kati ya hizo za Kichina, pini inayogonga fataki haina springi ya kuirudisha. Inateleza huru ndani ya bolti, na ukiitikisa bolti iliyo safi utaisikia ikicheza mbele na nyuma. Grisi ya bohari ikiganda humo, pini inaweza kunasa ikiwa imechomoza. Hapo bolti ikijifunga tu risasi inalipuka bila mtu kugusa kifyatulio, na inayofuata nayo hivyo hivyo, mpaka magazini iishe. Bunduki ya namna hiyo inaweza kuwa imefutwa nje ikang'aa. Asiyeifungua bolti yenyewe na kutoa grisi ndani yake hajaisafisha.

Basi mwenye bunduki ana sehemu yake ya kazi, hilo halina ubishi. Swali ni sehemu hiyo inaishia wapi, na namna bora ya kulijibu ni kutazama hitilafu yenyewe inavyojirudia. Uchafu hauna nidhamu. Leo unakwamisha risasi ya tatu, kesho ya kumi na tisa. Hitilafu inayorudi mahali pale pale kila mara ina asili nyingine.

Wamarekani walijifunza hilo mapema kwa M1 ya John Garand, bunduki ya nusu-otomatiki waliyoipitisha mwaka 1936. Ilijazwa risasi 8 kwa klipu moja. Mwishoni mwa miaka ya 1930, uzalishaji wa wingi ulipoanza, bunduki zikaanza kukwama, na zilikwama hasa kwenye risasi ya saba. Zile za kwanza, zilizotengenezwa kwa uangalifu karakana ya mfano huko Springfield, Massachusetts, hazikuwa na ugonjwa huo. Chanzo kilipatikana kwenye mashine: ukataji mpya ulikuwa umekula sehemu ndogo ya chuma iliyokuwa inaongoza risasi kuelekea chemba, na pengo hilo lilionekana pale tu klipu ilipobakiwa na risasi mbili. Pipa zima la mafuta lisingeliziba. Mtindo wa kukusanya gesi kwenye mdomo wa mtutu nao uliachwa, mtutu ukatobolewa tundu upande wa chini, na bunduki ikawa ile iliyopigana Vita vya Pili vya Dunia.

Hata hivyo M1 ilikuwa na tatizo moja la mafuta kweli kweli. Mvua kubwa ilisuuza oili nyepesi kutoka pale chuma cha kuendeshea kinaposaga kwenye bolti, na bunduki ikakaza katikati ya mapigano. Dawa ikawa grisi isiyosombwa na maji. Kila askari akapewa kikopo chake, kidogo cha kutosha kukaa ndani ya kitako cha bunduki. Kwa hiyo silaha ile ile ilikuwa na ugonjwa wa kiwandani na ugonjwa wa mvua, na kila mmoja ulipata dawa yake. Nausifu utaratibu huo kwa sababu miaka 25 baadaye taifa lile lile liliusahau.

Eugene Stoner aliiunda AR-15, ambayo jeshi baadaye liliiita M16, katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 Colt wakanunua haki ya kuitengeneza. Ilikuwa nyepesi, ya alumini na plastiki. Gesi yake haikusukuma pistoni iliyolala juu ya mtutu kama kwenye AK. Ilipita kwenye bomba jembamba la chuma hadi kwenye kibebeo cha bolti, ikatanuka humo na kukisukuma nyuma. Uzito ulipungua, lakini masizi yakawa yanamwagwa pale pale vyuma vinapotembea. Mpango huo unavumilika kama baruti inaungua safi, na risasi za mwanzo zilijazwa baruti ya namna hiyo, IMR 4475 ya kampuni ya DuPont, yenye punje za umbo la vijiti vidogo. Bunduki 1,000 zilizopelekwa Vietnam Kusini mwaka 1962 kwa majaribio zilisifiwa sana.

Mwaka 1964 baruti ikabadilishwa. Jeshi lilikuwa limeweka sharti la mwendo wa risasi wa futi 3,250 kwa sekunde, karibu mita 990, bila kupita kiwango fulani cha mgandamizo, na watengenezaji wa risasi wakasema hawawezi kulitimiza kila mara kwa baruti ya awali. Ikapitishwa baruti ya punje za mviringo, WC 846 ya Olin Mathieson. Mwendo ukapatikana. Ila baruti hiyo iliungua kwa namna nyingine, na gesi iliyofika kwenye tundu la mtutu ilikuwa na nguvu zaidi ya ile aliyoipimia Stoner. Kasi ya kufyatua, ambayo ilikuwa kati ya risasi 700 na 800 kwa dakika, ikapanda kuelekea 1,000. Aidha, baruti hiyo ilitiwa chokaa, yaani kabonati ya kalsiamu, ili kuua asidi inayobaki wakati wa kuitengeneza. Chokaa hiyo iliganda ndani ya bomba la gesi.

Hapa panahitaji kutazamwa kwa karibu. Risasi inapolipuka, ganda la shaba linatanuka na kubana kuta za chemba. Likipewa muda, hata kama ni muda mdogo usiopimika kwa jicho, linasinyaa na kutoka kwa urahisi. Bolti ikifunguka mapema kwa sababu gesi ni nyingi, ukucha wa kuvutia ganda unaanza kazi wakati ganda bado limebana. Ukucha unararua ukingo wa ganda, bolti inarudi nyuma mikono mitupu, kisha inakuja mbele na risasi nyingine na kuisukuma kwenye kitako cha ganda lililobaki. Askari hana la kufanya isipokuwa kuingiza ufito kwenye mdomo wa mtutu na kuligonga ganda litoke. Ufito huo wengi hawakuwa nao.

Juu ya hayo chemba yenyewe haikupakwa kromu. M14, bunduki iliyotangulia, ilikuwa na kromu ndani ya mtutu, na vita vya visiwa vya Pasifiki vilikuwa vimeshawafundisha Wamarekani joto na unyevunyevu vinakifanya nini chuma kitupu. M16 ikapelekwa kwenye mpunga na misitu bila kinga hiyo. Kutu ikachimba vishimo kwenye chemba, ganda la shaba likatanukia ndani ya vishimo, na ukucha ukapata sababu nyingine ya kurarua. Wakati huohuo vifaa vya kusafishia havikutosha na miongozo ilikuwa michache, huku imani ikiwa imeenea kwamba silaha hii ya kisasa karibu haihitaji kusafishwa. Sijui kama kuna uzembe unaozidi huo: kumpa mtu chombo kinachokusanya masizi na kumwambia kinajisafisha.

Kuna jambo moja la kiwandani ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Bunduki zilipopimwa na baruti mpya zilikuwa na tabia ya kupita kiwango cha kasi kilichowekwa. Badala ya kusimamisha kazi, Colt waliruhusiwa kuzipima kwa risasi zenye baruti ya aina nyingine, zikafaulu, kisha zikapelekwa vitani kupigia risasi za baruti ile iliyowashinda. Kila muhuri wa ukaguzi ulikuwa halali, na bunduki iliyomfikia askari ilikuwa haijawahi kupimwa kwa chakula alichopewa kuilisha.

Matokeo yalionekana wazi Aprili na Mei 1967, Wanamaji wa Marekani walipopigania vilima vya 861 na 881 karibu na Khe Sanh. Barua zilianza kufika nyumbani zikieleza maiti zilizokutwa kando ya bunduki zilizofunguliwa, ishara kwamba mwenyewe alikufa akijaribu kuikwamua. Moja ya barua hizo ilifika hadi kwa wabunge. Kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, na ripoti yake ya Oktoba 1967 ikaitaja baruti iliyobadilishwa kuwa chanzo kikubwa cha kukwama na kulilaumu jeshi kwa uzembe ambao, kwa maneno ya kamati, ulikaribia kuwa jinai.

Marekebisho yalikuwa yameshaanza. Kizuizi cha nyuma kinachoipokea bolti kilitengenezwa upya kiwe kizito zaidi ili kupunguza kasi, chemba ikaanza kupakwa kromu mwaka 1967 na baadaye mtutu wote, chokaa kwenye baruti ikapunguzwa. Vifaa vya kusafishia vikasambazwa. Mwaka 1968 jeshi likamkabidhi mchoraji Will Eisner kazi ya kuandaa kijitabu cha katuni kilichowafundisha askari kuitunza M16A1 ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo mwongozo rasmi haukuweza kuifanya kwa vijana wa miaka 19. Malalamiko yakapungua sana.

Watetezi wa jeshi hupenda kusema kwamba kilichoiponya M16 ni usafi. Ni nusu ya ukweli. Waliokwenda Vietnam kukagua walikuta bunduki chafu za kutisha, hilo halikanushwi. Lakini askari wa majaribio wa 1962 walikuwa na mvua ile ile na matope yale yale, na bunduki zao zilikubali. Kati ya 1962 na 1967 vilivyobadilika ni baruti na kasi. Usafi ulihitajika zaidi kwa sababu silaha ilikuwa imepunguziwa uvumilivu na watu ambao hawakuibeba.

Sasa mafuta yenyewe: mengi au machache? Ubishi huu hauishi, na naona unakosea mahali pa kuanzia. Jambo la kwanza ni mahali yanapokwenda. Panaposagana chuma kwa chuma, kwenye bolti, kwenye njia za kibebeo, kwenye nyundo, panatakiwa paloe. Chemba na mtutu vinatakiwa vikavu wakati wa kupiga. Chemba ikiwa na oili, ganda haliwezi kushika kuta, linateleza nyuma na kuipigia bolti kwa nguvu kubwa kuliko iliyokusudiwa. Kuna waliounda silaha zilizohitaji risasi zenye kilainishi. Bunduki ya John Pedersen, iliyoshindana na ya Garand, ilitumia risasi zilizopakwa nta. Waitaliano nao walikuwa na bunduki ya rashasha nyepesi, Breda 30, yenye pampu ya kuidondoshea oili kila risasi. Katika jangwa la Afrika Kaskazini oili hiyo ilikamata mchanga na kuupeleka moja kwa moja kwenye chemba. Wajerumani walipata njia safi zaidi kwenye G3, ambayo Wakenya wanaijua mikononi mwa polisi wao: haina bomba la gesi wala pistoni, na chemba yake imechongwa vifereji vyembamba vinavyopitisha gesi kando ya ganda ili lisigande. Ganda lililopigwa na G3 linajitambulisha lenyewe kwa mistari myeusi ubavuni. Vifereji hivyo vikizibwa na masizi, silaha imepoteza kile kinachoiwezesha kutoa ganda.

Kuhusu vumbi, akili ya kawaida inasema upake kidogo ili lisinase. Vipimo havikubaliani nayo. Majaribio ya jeshi la Marekani yalionyesha kwamba bunduki za familia ya M16 zilizolowa mafuta zilidumu zaidi kwenye vumbi kuliko zilizofutwa zikabaki na utando mwembamba, kwa sababu vumbi lililochanganyika na mafuta bado linateleza, na vumbi juu ya chuma kikavu linasaga. Kwenye jaribio kubwa la mwaka 2007 huko Aberdeen, Maryland, bunduki 10 za kila aina zilipiga risasi 6,000 kila moja, zikirudishwa kwenye chumba cha vumbi kila baada ya risasi 120. M4, mjukuu wa bunduki ya Stoner, ilikwama mara 882 katika risasi 60,000. HK416 ilikwama mara 233, SCAR 226, XM8 127. Zote zilitunzwa kwa ratiba ile ile ya kupakwa mafuta na kusafishwa. Tofauti ya 882 na 127 ni tofauti ya muundo. Kati ya hizo 882, karibu robo zilitokana na magazini, kifaa cha bei ndogo ambacho wengi hukikagua mwisho.

Waingereza wana kisa kinachofundisha pande zote mbili. SA80 yao, iliyoanza kutumika mwaka 1985, ilidharauliwa na askari hadi Vita vya Ghuba vya 1991 na baada yake. Plastiki zake ziliharibiwa hata na dawa ya kufukuza mbu. Kwa miaka mingi askari walijibiwa kwamba hawaitunzi. Hatimaye ikapelekwa kwa kampuni ya Heckler & Koch, wakabadilisha bolti, ukucha, springi, nyundo, magazini na mengine, kazi iliyogharimu pauni milioni 92 kwa bunduki kama 200,000. Huwezi kutumia pauni milioni 92 kurekebisha tambara la askari. Hata hivyo mwaka 2002, toleo lililorekebishwa lilipolalamikiwa Afghanistan, wataalamu walikwenda, wakachunguza, wakasema safari hii tatizo ni namna ya kusafisha na kupaka mafuta kwenye vumbi, na maelekezo yakabadilishwa. Safari hiyo jibu la zamani lilikuwa na uzito, kwa sababu lilitolewa baada ya silaha kurekebishwa.

Mpangilio huo ndio fundi silaha mzuri anaoufuata. Akiletewa bunduki mpya inayogoma, kwanza anahakikisha haina risasi, magazini imetoka na chemba ni tupu. Kisha anauliza maswali yanayowachosha wateja: inagoma lini, kwa risasi za kiwanda gani, kwa magazini ipi? Magazini huwekewa alama za rangi, kwani ikigoma kwa moja tu, kesi imekwisha. Bolti ikishindwa kubaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, nguvu haitoshi: huenda gesi inavuja kwenye kiungo ambacho skrubu zake zimelegea, huenda risasi ni hafifu, huenda vyuma ni vikavu. Hapo mafuta yana nafasi ya kusaidia. Ganda likitoka ukingo wake umeraruka, kuna shida ya chemba au ya gesi nyingi, na kuongeza oili ni kufunika kidonda. Fataki ikiwa na kibonyezo chepesi, huenda bolti haikufunga vizuri au pini ina uchafu, kama ile ya SAR. Risasi chache za mwanzo zikisumbua kisha ikatulia, vyuma vinazoeana. Ikiendelea baada ya kusafishwa vizuri, kupakwa mafuta panapostahili na kujaribiwa kwa risasi nyingine, suala si la mwenye bunduki tena.

Kwa hiyo anayemiliki bunduki kihalali, na hata askari aliyekabidhiwa, asitupe maganda. Bunduki mpya ikigoma, ayafunge kwenye mfuko pamoja na risasi zilizobaki na magazini iliyokuwa inatumika, aandike ilikwama kwenye risasi ya ngapi, na ampelekee fundi mwenye leseni vyote pamoja. Fundi akianza kwa kusema hukuisafisha kabla hajayatazama maganda hayo, atafute fundi mwingine.